Mlango wa Bi Crutchfield

Idella Crutchfield alikuwa hawezi kufundisha mlango ukiwa umefungwa. Hawezi, basi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya juu, Shule ya Msingi ya Mtaa wa Lathrop, na mlango wake ulikaa wazi tangu Septemba mpaka Juni, umebanwa ukutani kwa kipande cha tofali, hata Januari ambapo upepo wa ziwani unaingia mpaka kwenye mifupa. Watoto wa darasa la nne wakilalamika baridi, aliwapa jibu lilelile alilowapa mama zao enzi zao: "Nani kakwambia hapa ni Alabama? Hapa Ohio. Vaa sweta, mwanangu, tuendelee na kazi."

Na kukaa kitini? Thubutu! Kiti cha mwalimu kilikuwa cha kutundikia koti. Alifundisha akitembea, alisahihisha akitembea, na nyumbani mumewe Rayford, mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikwisha kuzoea kula na mwanamke anayezunguka meza na kipande cha mkate wa mahindi mkononi. "Kaa chini, Idella," alimwambia kila jioni. "Unanichosha mimi niliyekaa."

Ugonjwa huo wa mlango aliupatia kazini. Alipoajiriwa mwaka 1973, binti mbichi aliyetoka chuoni juzi, wakubwa wa elimu walikuwa wamegundua kwamba kinachowazuia watoto kujifunza ni kuta. Kuta, jamani! Wakajenga shule isiyo na kuta wala milango, ukumbi mmoja kama ghala, zulia la rangi ya chungwa, madarasa manne humo ndani, na kila mtoto ajiendee anakovutiwa. Huku wanaimba, kule wanajumlisha, pale mwalimu anamkaripia mtundu mmoja na ukumbi mzima unageuka kutazama. Walimu karibu wapate wazimu. Wakaanza kusogeza makabati ya vitabu kimyakimya, leo moja, kesho jingine, wakajijengea kuta za magendo. Idella peke yake ndiye aliyeipenda shule ile. Alimfundisha huyu kugawanya, sikio moja linamsikia mtoto wa darasa la pili anakwama kwenye neno, na miguu imeshamfikisha hapo kabla hajaitwa.

Haikudumu. Wakubwa wakabadili mawazo, kuta zikarudi, Idella akahamishiwa Lathrop, na tangu hapo kila mkuu mpya wa elimu wa wilaya akaja na dawa yake mfukoni. Mmoja akasema turudi kwenye misingi. Aliyemfuata akasema misingi imepitwa na wakati, kila mtoto awe na jalada la kazi zake. Wa tatu akayatupa majalada kwenye pipa la taka, akaleta mabango ya malengo. Idella alizinywa dawa zote hizo, akabaki na kidogo chenye maana katika kila moja, mengine akayatema. Lakini mlango hakukubali kuufunga. Alishindwa na mwalimu mkuu mmoja tu, mzee mkali wa mwaka 1982, aliyepita koridoni akifunga milango kwa mkono wake mwenyewe. Idella akasema, kama mlango huu utanikodolea macho siku nzima, basi na ufanye kazi. Akabandika upande wa ndani wa mlango jedwali kubwa la kuzidisha, mpaka kumi na mbili mara kumi na mbili, kwa namba nyekundu zinazosomeka hadi dawati la nyuma. Mzee alipostaafu, tofali likarudi mahali pake, mlango ukafunguka, jedwali likageuzia uso ukutani. Idella akalisahau kabisa, kama mtu anavyosahau kovu la mgongoni.

Halafu ikaja dawa ya mwisho, kali kuliko zote: mtihani. Sheria mpya kutoka Washington ilitaka kila shule ipimwe kila mwaka, na ile inayoshindwa na kushindwa tena ifungwe au ikabidhiwe watu wengine. Lathrop ilikuwa imeshindwa miaka miwili, na mara zote mbili ilianguka kwenye hisabati ya darasa la nne. Ofisi ya wilaya ilikwisha kutamka: Machi hii ya 2005 ndiyo ya mwisho. Wakishindwa, shule inafungwa, watoto wanatawanywa kwa mabasi kwenye shule za ng'ambo ya mto, walimu kila mtu na lwake.

Kwa hiyo mabega ya kubebea shule nzima yalikuwa ya watoto ishirini na watatu wa Idella na idadi kama hiyo wa jirani yake, Noreen Galvin. Watoto wa miaka tisa na kumi! Mwalimu mkuu, Bwana Leonard Stanek, mtu mwema mwenye tumbo na tai fupi, aliwakusanya wote ukumbini, akawapigia ngoma, akaapa mbele ya shule nzima kwamba darasa la nne likifaulu atambusu nguruwe mdomoni. Huko ndiko tulikofika. Watoto walipiga kelele za furaha mpaka vioo vikatetemeka, na Idella huko nyuma alizidi kutembea huku na huko.

Mchana wa kuamkia mtihani walimu walifunika kuta. Hiyo ndiyo kanuni: siku ya mtihani kusiwe na herufi wala namba wala picha yoyote ukutani inayoweza kumnong'oneza mtoto jibu. Noreen alikuja na bunda la karatasi za kaki na selotepu, wakaanza chumba cha Idella. Wakafunika ramani, wakafunika alfabeti, wakafunika orodha ya siku za kuzaliwa, wakafunika saa ya ukutani kwa sababu ina namba. Chumba kikawa kama mzigo unaosubiri kupelekwa posta.

"Nikufunike na wewe?" Noreen aliuliza, ameshika karatasi. "Maana kichwani mwako ndimo yalimo majibu yote."

"Funika mdomo wako kwanza, ndio unaovujisha siri za shule hii."

Walicheka, lakini Idella hakutulia. Alizunguka chumba mara ya pili na ya tatu, akibonyeza selotepu kwa dole gumba. "Tumesahau kitu, Noreen. Nahisi tumesahau kitu."

"Umesahau kupumua. Twende zetu nyumbani, mama!"

Mlango ulikuwa wazi, umebanwa na tofali lake kama siku zote. Miaka iliyopita mtihani ulifanyikia kwenye bwalo la chakula. Mwaka huu walibadilisha: kila darasa kwenye chumba chake, mlango ufungwe.

Asubuhi akaja bwana mmoja kutoka makao makuu Columbus, mtu wa jimbo wa kusimamia mtihani, kitambulisho shingoni, akaweka kiti chake katikati ya korido. Saa ilipofika aliondoa tofali kwa ncha ya kiatu, akauvuta mlango wa Idella kutoka nje, ukafungwa. Idella alikuwa ameupa mgongo. Macho yake yalikuwa kwenye maelekezo, maana siku ile mwalimu haruhusiwi hata kuwasalimu watoto kwa maneno yake. Anasoma yaliyoandikwa, neno kwa neno, kama kasuku: fungueni kijitabu, andikeni jina, mna dakika sabini, anzeni. Penseli zikashuka.

Akaanza kutembea, akafika nyuma ya darasa, akageuka.

Mungu wangu! Mlango mzima ulikuwa unamtazama. Saba mara nane, hamsini na sita. Tisa mara sita, hamsini na nne. Namba nyekundu, mbele kabisa, pembeni mwa ubao, mbele ya macho ya watoto wote. Katika chumba kilichofunikwa kila kitu, jedwali lile lilikuwa peke yake, linang'aa kama duka lililoachwa wazi siku ya sikukuu.

Miguu ilimwasha. Afanye nini? Akibandika karatasi sasa, ile kelele tu itawainua wote vichwa. Isitoshe, kanuni inakataza kugusa ukuta vijitabu vikishafunguliwa. Akimwita yule bwana, mtihani unasimamishwa papo hapo. Alitembea safu ya kwanza, akarudi kwa safu ya pili. Watoto walikuwa wameinama isivyo kawaida, pua zinakaribia karatasi. Deandre, mtoto asiyeweza kutulia dakika mbili, alikuwa amejikinga uso kwa kiganja. Wana nini hawa? Wanaogopa? Wanaona haya?

Kisha akamwona Jalisa Womack. Jalisa alikuwa kichwa cha darasa, msichana mwembamba mwenye shanga kwenye nywele, ambaye hakuhitaji jedwali la mtu yeyote. Jalisa aliinua macho, yakatua mlangoni, na hapohapo akainama kwa haraka ya mtu aliyefumaniwa. Idella moyo ulimuuma. Hata wewe, Jalisa? Hata wewe!

Ndipo wazo likamjia. Mlango ukifunguliwa, jedwali linageukia ukutani. Kumbe rahisi! Akaenda mbele akijidai ananyoosha mgongo, akashika kitasa, akavuta. Mlango ukafunguka nusu.

Bwana wa jimbo alikuwa amekwisha kusimama. "Mama, mlango tafadhali."

"Kuna joto humu ndani."

"Ni Machi, mama."

Ilikuwa Machi kweli, na theluji ilikuwa dirishani. Hapo angeweza kusema. Ulimi ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini alimtazama yule bwana na kitambulisho chake, akaona shule nzima inaning'inia kwenye kamba ya kile kitambulisho, akaurudisha mlango. Muda wote uliobaki alitembea. Alitembea kama mtu anayesubiri habari hospitalini, na kila alipogeuka jedwali lilikuwa palepale.

Muda ulipokwisha, watoto wakaenda kunawa. Bwana Stanek akaja na kitoroli kukusanya vijitabu, akasukuma mlango mpaka ukutani, akaurudishia tofali kwa mguu.

"Salama?" aliuliza. "Niambie salama, Idella. Sijala tangu jana."

"Si salama. Angalia nyuma ya mlango."

Alichungulia. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jedwali la kuzidisha. Alipojitokeza, uso ulikuwa umemshuka.

"Nani mwingine ameliona?"

"Watoto."

"Nauliza mtu mzima."

"Hakuna."

Stanek alitazama koridoni. Bwana wa Columbus alikuwa mbali, kwenye ngazi, anakunywa kahawa. Akashusha sauti. "Mimi nimeingia nikakuta chumba kimefunikwa. Sijaona kitu. Umenielewa, dada yangu? Sijaona kitu."

Alikuwa anampa njia ya kutokea, na Idella aliitamani, asikudanganye mtu. Alisimama pale anapindapinda pete kidoleni. Alifikiria shule, akafikiria Noreen mwenye mkopo wa nyumba, akafikiria mabasi.

"Mtoto mmoja ataropoka," alisema mwishowe. "Si lazima leo. Atamwambia bibi yake, bibi atasema kanisani. Na likitoka, unadhani mwizi ataitwa nani? Mimi? Aka! Watasema watoto wa Lathrop. Watasema si mnaona, wale hawawezi mpaka waibe. Watayabeba hayo maneno mpaka wawe na watoto wao. Heri mimi niitwe mzembe leo."

"Wakifutiwa, tumekwisha. Unajua tumekwisha?"

"Najua, Leonard."

"Na kama wangefaulu?"

Idella alitoka, akatembea korido yote mpaka kwa yule bwana wa jimbo, akamwambia mwenyewe kwa mdomo wake kabla miguu haijabadili nia.

Jibu la Columbus lilifika kabla ya Pasaka. Vijitabu vya darasa lile vimefutwa, havitasahihishwa, na kila mtoto ahesabiwe sifuri. Darasa la Noreen lilipita kwa shida, lakini sifuri ishirini na tatu nani atazivuka? Mwezi Mei bodi ya shule ilipiga kura na Lathrop ikafa. Maji yamekwisha kumwagika. Noreen alimfuata kwenye maegesho ya magari, machozi na hasira pamoja.

"Malaika wetu huyu!" alisema kwa sauti watu wageuke. "Mtakatifu Idella! Umeona dhamiri yako haina mahali pa kulala, ukaitandikia kazi zetu sisi."

"Noreen..."

"Usiniite. Ungefunga tu mdomo, kama ulivyoshindwa kufunga huo mlango wako miaka yote!"

Nyumbani Rayford hakumlaumu wala hakumsifu. Alimwekea sahani ya kabichi na nyama ya nguruwe, akasubiri, akaona hagusi chakula. "Ungenyamaza," alisema.

"Ningenyamaza wangeitwa wezi."

"Na kama kweli waliiba?"

Idella alikuwa anazunguka meza. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna, kuliko maneno ya Noreen. Kama waliiba, amewakinga na jina lao. Kama hawakuiba, amewavunjia shule yao kwa bure. Na kila alipotaka kujituliza kwamba hawakuiba, aliyaona macho ya Jalisa yanapanda, yanatua mlangoni, yanashuka. Tangu siku ile alikuwa amepoa kwa mtoto yule. Hakumtuma tena chaki ofisini, hakumwita ubaoni. Alijua si haki na hakuweza kujizuia.

Siku ya mwisho, Juni, watoto walikung'uta madawati yao, wakajaza mifuko ya plastiki kwa vitabu vilivyochanika na viatu visivyo na wenzake. Mabasi ya njano yalikuwa yamejipanga nje. Kuta zilikuwa tupu, zina alama za selotepu. Idella alikuwa anafungasha, anatoa kitu kwenye boksi hili anakitia kwenye boksi lile, kisha anakirudisha, alipogundua kwamba wengine wote wameshatoka isipokuwa Jalisa.

"Bi Crutchfield, umenikasirikia?"

"Nani kakwambia?"

"Siku hizi hunitumi kitu."

Idella aliweka boksi chini. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo katika kazi hii, na alijua mtoto hadanganywi usoni siku ya mwisho. "Uliangalia mlangoni, Jalisa. Siku ya mtihani. Nilikuona."

"Mara moja tu!" Msichana aliruka kama aliyechomwa. "Kweli ya Mungu, mara moja! Nilipoona ni nini nikainama. Niliinama mpaka shingo ikauma. Wote tuliinama. Deandre si alijiziba na mkono, hivi? Tulipoenda kunawa tukaulizana, hakuna aliyeangalia. Kenyon alisema alitaka, tukamwambia tungempiga teke chini ya meza."

"Lakini kwa nini?" Idella aliuliza. "Kwa nini hamkuangalia?"

Jalisa alimtazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu mzima anayeuliza kitu kinachojulikana. "Si tulijua mmeliacha makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Kutupima. Mmefunika mpaka saa, halafu majibu yote myaache mbele pale? Aa, Bi Crutchfield, sisi si wajinga. Tukajua huo ndio mtihani wenyewe, wa kuona nani ataiba." Alinyanyua mfuko wake begani. Nje honi ya basi ililia. Alikuwa na swali moja zaidi, na ilionekana amelibeba tangu Machi. "Hawakutuambia. Ule wa mlango, tulifaulu?"

Idella aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Haikuwa aibu ya mlango. Watoto ishirini na watatu walikuwa wamekaa kimya siku ile, kila mmoja peke yake, wakijizuia, na katika shule nzima hakukuwa na mtu mzima mmoja aliyedhani wanaweza. Yeye naye alikuwemo.

"Mlifaulu," alisema. "Wote. Hakuna hata mmoja aliyeanguka."

"Nilijua!" Jalisa alisema, akatoka mbio, shanga zikigongana, na kutoka juu Idella alimsikia kwenye ngazi anapiga kelele kuwaambia wenzake kabla mabasi hayajaondoka.